Lita Ngapi Hadi Kolo?

Katika yadi za magari yaliyotumika za Dar es Salaam, na sasa za Dodoma pia, neno haibridi limekuwa kama cheti cha tabia njema. Gari kubwa la kifahari lenye viti vya ngozi, ambalo zamani lingesifiwa kwa nguvu za injini yake tu, leo husifiwa kwa mambo mawili ambayo hayakuzoea kukaa pamoja: kwamba ni la kifahari, na kwamba ni rafiki wa mazingira. Wapo hata wanaodai kwamba magari ya namna hiyo yapunguziwe ushuru yanapoingia bandarini, kwa kuwa yanalisaidia taifa kuokoa mafuta. Dai hilo si la kudharauliwa, maadamu petroli na dizeli tunayoichoma hununuliwa nje kwa fedha za kigeni. Lakini dai la namna hii hupimwa kwanza. Halipokelewi kwa sababu tu limeandikwa kwa herufi zinazong'aa nyuma ya gari.

Napenda kulipima katika barabara moja ambayo walimu na wanafunzi wengi wa nyanda za kati wanaifahamu. Ni ile itokayo Dodoma, ikapita Chemba na Kondoa, ikapanda milima ya Kolo, kisha ikaendelea Bereku hadi Babati. Zamani ilikuwa sehemu ya njia kuu iliyokusudiwa kuiunganisha Afrika ya Kusini na Misri, na kwa miaka mingi ilikuwa ya udongo, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwaka 2018 kipande cha kilomita 251 baina ya Dodoma na Babati kilizinduliwa rasmi kikiwa cha lami. Kijiji cha Kolo kiko kilomita 20 na ushee kaskazini ya mji wa Kondoa, na kutoka Dodoma ni kilomita zipatazo 180. Wageni wanaokwenda kuitazama michoro ya miambani, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, hupitia hapo, na wengi wao huja kwa magari makubwa. Kwa hiyo swali letu lina mahali pake: gari la kifahari la mseto hutumia lita ngapi hadi Kolo, na je, betri yake huliokolea kiasi gani njiani?

Kwanza tuondoe kosa moja. Kila mwaka hukutana na wanafunzi wanaoamini kwamba gari la mseto hujitengenezea nishati yake lenyewe. Hawalaumiki sana, kwa kuwa matangazo ya biashara yamewahi kuyaita magari haya magari yanayojichaji yenyewe. Huko Norway mwaka 2020 mamlaka ya kuwalinda walaji iliyakataza matangazo ya namna hiyo ya kampuni ya Toyota kuwa yanapotosha, na ilikuwa na haki. Gari la mseto la kawaida, yaani lisilochomekwa kwenye umeme wa nyumbani, lina mlango mmoja tu wa kuingizia nishati, nao ni mdomo wa tangi la petroli. Kila jouli iliyomo katika betri yake ilikuwa petroli jana au dakika tano zilizopita. Sheria ya kuhifadhika kwa nishati, ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua, haikufutwa katika kiwanda cha Japani.

Basi faida yatoka wapi? Yatoka katika upotevu. Lita moja ya petroli ina nishati ipatayo megajouli 32. Katika gari la kawaida sehemu iliyo kubwa zaidi ya nishati hiyo hutoka ikiwa joto kwenye rejeta na bomba la moshi, na kiasi kinachofika kwenye magurudumu ni robo hivi, pengine zaidi kidogo injini inapofanya kazi kwa mzigo unaoifaa, na pungufu sana inapofanya kazi kidogo kidogo. Injini inayounguruma huku gari limesimama kwenye foleni hutumia mafuta na haiendi popote. Ufanisi wake kwa wakati huo ni sifuri kamili. Na kila dereva anapokanyaga breki, nishati ya mwendo iliyonunuliwa kwa petroli hugeuka kuwa joto katika visahani vya breki, ikapotelea hewani.

Gari la mseto hupambana na upotevu huu kwa njia tatu. Huizima injini gari linaposimama. Huiachia mota ya umeme kazi ndogo ndogo ambazo injini huzifanya vibaya, kama vile kuondoka polepole kwenye foleni. Na linapopunguza mwendo, magurudumu huizungusha mota, mota hugeuka kuwa jenereta, na sehemu ya nishati ya mwendo hurudi katika betri badala ya kuchoma visahani. Wazo si geni hata kidogo. Kijana Ferdinand Porsche alikwisha kuunda gari la petroli na umeme huko Vienna mwaka 1900. Kilichokosekana kwa karne nzima kilikuwa betri ya kufaa na chombo cha kuamua, mara nyingi kwa sekunde moja, kazi ipi ifanywe na injini na ipi na mota. Vilipopatikana, Toyota ikatoa gari la Prius mwezi wa Desemba 1997. Injini yake hufuata mzunguko unaoitwa wa Atkinson, jina la Mwingereza wa karne ya 19, ambamo gesi zilizowaka huachwa zitanuke zaidi kabla ya kutolewa. Injini ya namna hiyo ni chovu kidogo katika kuondoka, lakini hubana mafuta. Na uchovu wake huzibwa na mota. Hapa, nakiri, wahandisi walifanya kazi nzuri ya kupendeza.

Sasa tufanye hesabu, kwa kuwa bila hesabu tutabaki na sifa tupu. Chukua gari la kilo 2,000, uzito wa kawaida wa gari kubwa la kifahari. Likienda kilomita 50 kwa saa, yaani mita 13.9 kwa sekunde, nishati yake ya mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendo: takriban jouli 193,000. Likisimamishwa mara 100 kutoka mwendo huo, megajouli 19 huteketea katika breki. Ili kuzipata megajouli hizo kwenye magurudumu, kwa injini yenye ufanisi wa asilimia 30, zilihitajika lita 2 za petroli. Tukikubali kwamba mota na betri huokoa nusu tu, hapo pana lita 1 iliyorudi. Ongeza mafuta ambayo hayakuchomwa wakati wa kusimama kwenye taa na vivuko, na mtu anayekwenda na kurudi kazini kila siku kati ya Kimara na katikati ya Dar es Salaam ana sababu ya kweli ya kulitaka gari la mseto.

Lakini barabara ya kwenda Kolo haina taa za kuongozea magari. Mtu akitoka Dodoma asubuhi huenda mwendo wa namna moja kwa saa nzima. Hakuna kusimama, hivyo hakuna cha kuokoa. Injini iko katika mzigo unaoifaa, ambapo ufanisi wake ni mzuri hata bila msaada. Mota na betri, ambazo kwa pamoja ni makumi ya kilo za chuma, shaba na nikeli, huwa ni abiria wasiolipa nauli.

Mtu atasema: na milima je? Kwani gari halitajaza betri likiteremka? Swali hili ni zuri, nami ningefurahi kulisikia darasani. Tuseme mteremko katika milima ya Kolo una kimo cha mita 300. Tungamo la kilo 2,000, mara 9.8, mara 300, hutupatia jouli 5,880,000, yaani karibu megajouli 6. Sehemu ya hizo, pengine nusu, hutumika papo hapo kushinda msuguano wa magurudumu na upinzani wa hewa. Zinabaki megajouli 3 hivi za kuvunwa. Hapo ndipo tunapokutana na udogo wa ghala. Betri ya Prius ya miaka ya 2004 hadi 2009 ilikuwa na ujazo wa kilowati-saa 1.3, na ili isichakae upesi, kompyuta ya gari huiruhusu kupanda na kushuka katika sehemu ya katikati tu, kadiri ya nusu kilowati-saa. Hiyo ni sawa na megajouli 1.8. Betri za magari makubwa ni kubwa zaidi kidogo, lakini hesabu haibadiliki sana. Ghala likijaa kabla ya mwisho wa mteremko, gari hurudia njia ya zamani: kompyuta huizungusha injini bure ili iwe breki, au visahani hupata moto kama vya lori. Mavuno yote ya mlima mzima, yakigeuzwa kuwa petroli, hayafiki robo ya lita.

Takwimu za vipimo zinakubaliana na hesabu hii. Idara ya Hifadhi ya Mazingira ya Marekani hupima kila aina ya gari kwa safari ya mjini na kwa safari ya barabara kuu. Gari la kawaida siku zote hutumia mafuta mengi zaidi mjini. Prius niliyoitaja ilitumia lita 4.9 kwa kilomita 100 mjini, na lita 5.2 katika barabara kuu, yaani kinyume kabisa. Tulitazame sasa gari linalojulikana zaidi katika barabara zetu, Lexus RX 400h, ambalo Wajapani waliliuza kwao tangu 2005 kwa jina la Harrier ya haibridi. Mjini lilitumia lita zipatazo 9, ilhali ndugu yake wa petroli tupu, RX 350, alikaribia lita 14. Hiyo ni akiba ya lita karibu 5, na si jambo dogo. Katika barabara kuu tofauti ilishuka hadi lita 1 tu. Na gari la kifahari hasa, Lexus LS 600h L la mwaka 2007, lenye injini ya silinda 8 na ujazo wa lita 5, ambalo bei yake huko Marekani ilizidi dola 100,000, lilipimwa likatumia lita 11 na ushee kwa kilomita 100, mjini na barabara kuu kwa pamoja. Katika barabara kuu pekee halikuwa bora kuliko ndugu yake asiye na mota wala betri kubwa. Teknolojia ya kubana matumizi ilikuwa imetumiwa kununulia nguvu za kukimbia. Kwa upande mwingine Toyota Yaris ya wakati huohuo, iliyoitwa Vitz huko Japani na hapa kwetu, gari dogo la petroli lisilo na jambo lolote la kujivunia, ilitumia lita zipatazo 7 na nusu.

Kwa hiyo hadi Kolo, kilomita 180, gari lile la kifahari la mseto lingehitaji lita 20, na Vitz lita 13 na nusu. Wanakemia wanaweza kuendelea. Tukiichukulia petroli kuwa ni oktani, gramu 114 zake zikiungua kabisa hutoa gramu 352 za kaboni dioksidi. Lita moja ina uzito wa gramu 740 hivi, hivyo hutoa kilo 2.3. Gari la kifahari litaacha hewani kilo 46 za gesi hiyo, dogo kilo 31. Hakuna nembo ya buluu inayoweza kuibadilisha hesabu ya moli.

Tena kipimo cha lita kwa kilomita bado hakijasema yote, kwa sababu barabara haikujengwa kusafirisha magari. Ilijengwa kusafirisha watu na mazao yao. Gari la mkubwa aghalabu huwa na watu wawili, yeye na dereva. Kila mmoja wao ametumia lita 10 kufika Kolo. Basi la abiria 50 linalotumia, tuseme, lita 35 za dizeli kwa kilomita 100, litachoma lita 63 hadi Kolo. Kila abiria lita 1 na robo. Mama aliyeketi dirishani na kuku wake katika kapu ni rafiki wa mazingira mara nane kuliko bwana wa kiti cha ngozi, na hakuna aliyempa cheti.

Ipo akiba nyingine ambayo haihitaji betri wala ushuru wa forodha. Upinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa husukuma hewa kwa kani iliyo karibu mara mbili ya ile ya kilomita 80 (gawanya 110 kwa 80, kisha zidisha jibu kwa lenyewe). Kati ya Dodoma na Kondoa, mguu wa dereva waweza kuokoa mafuta mengi kuliko mitambo yote ya mseto iliyo chini ya sakafu. Misafara ya magari ya serikali inayopita kwa kasi, taa zikiwaka mchana, ingekuwa mfano mzuri wa kufundishia somo hili, ijapokuwa ni mfano wa kinyume.

Nadhani neno mazingira lina uzito wa pekee Kolo, na ndiyo sababu nimepachagua mahali hapa badala ya barabara nyingine. Vilima vya Irangi viliwahi kuwa kielelezo cha mmomonyoko wa ardhi katika nchi yetu. Makorongo yalikula mashamba, na mchanga ukajaza mabonde. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Makinga maji yalichimbwa na miti ikapandwa, lakini hayo hayakutosha. Mwaka 1979 ikaamuliwa kwamba mifugo yote, ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, iondolewe katika eneo lililomomonyoka la Kondoa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200, Kolo ikiwamo. Watu waliamka siku moja hawana maziwa, hawana samadi, hawana mahari. Ni baada ya miaka 10 ndipo ng'ombe wachache wa maziwa waliporuhusiwa kurudi, wakilishwa zizini. Mimea ilirudi vilimani, na wataalamu kutoka nchi nyingi wamekwenda kuitazama. Mtu anaweza kubishana juu ya namna uamuzi ule ulivyotekelezwa, na mimi ni mmoja wa wanaoona kwamba mzigo uliwaangukia wenye kidogo. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba watu wa Kolo hawajui gharama ya kuhifadhi mazingira. Waliilipa kwa mifugo yao. Katika barabara inayopita katikati ya vilima hivyo, gari la tani mbili lenye watu wawili linapojiita rafiki wa mazingira, na juu yake likaomba kupunguziwa ushuru, linaomba zawadi kutoka katika mfuko ambao na wale waliochangia ng'ombe wao huuchangia.

Sisemi kwamba magari ya mseto ni hila. Moshi wao mjini ni mchache, na hilo lina maana kwa mapafu ya watoto wa Kariakoo. Injini iliyozimwa kwenye foleni haitoi kaboni monoksidi wala oksidi za naitrojeni. Inayobaki husafishwa katika chombo ambacho mafundi wetu hukiita masega, chenye platini, paladi na rodi, madini ambayo huharakisha mabadiliko ya gesi za sumu bila yenyewe kuliwa. Chombo hicho kiliwezekana kwetu baada ya risasi kuondolewa katika petroli, jambo lililokamilika kusini ya Sahara mwanzoni mwa 2006, kwa kuwa risasi hulifunika sega na kuliua. Lakini gari lolote la petroli la siku hizi lina masega, liwe la mseto au lisiwe, isipokuwa yale yaliyokwisha kung'olewa na kuuzwa kwa siri.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni umri. Magari haya hayafiki kwetu mapya. Huja baada ya kutumika Japani kwa miaka minane, kumi au zaidi, yaani baada ya mwenyewe wa kwanza kula sehemu nono ya uhai wa betri. Katika Prius hakuna mota ya kuwashia ya kawaida wala alteneta. Mota kubwa ndiyo inayoizungusha injini ili iwake, na nguvu zake hutoka katika betri kubwa. Betri hiyo ikifa, gari haliwaki hata kama tangi limejaa pomoni. Aidha betri hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo kando ya kiti cha nyuma. Vumbi jekundu la barabara za vijiji, mara tu unapoiacha lami kuelekea Pahi au mapangoni, huziba feni hiyo. Betri hupata joto, na seli zake hufa moja baada ya nyingine. Fundi wa mjini Kondoa aliyezoea kuamsha dizeli kongwe kwa spana na waya hawezi kulishika gari hili kwa ujuzi aliouzoea. Betri ya Prius hiyo ina volti 200, na kifaa cha kuongeza volti huzipandisha hadi 500. Nyaya zake zimevalishwa rangi ya machungwa kwa makusudi, ili mtu ajihadhari. Umeme wa mkondo mnyofu wa volti hizo huua, na hauuliziwi mara mbili. Ningependa kuona vyuo vya ufundi vya VETA katika mikoa yote, si Dar es Salaam tu, vikifundisha namna ya kukata mkondo huo, kupima seli na kubadilisha zilizokufa, na mahali pa kuzipeleka. Betri hizo zina nikeli na madini mengine yanayofaa kuyeyushwa upya. Zikitupwa korongoni, tutakuwa tumeyarudisha makorongo ya Kondoa kwa sura nyingine.

Basi ushuru upangwe vipi? Kwa muda mrefu ushuru wa magari nchini umepangwa zaidi kwa ujazo wa injini na umri wa gari. Ujazo wa injini ni kipimo rahisi kwa karani wa forodha, na mara nyingi hushabihiana na matumizi ya mafuta, lakini si kitu kilekile. Kuongeza juu yake nafuu kwa kila gari lenye neno haibridi kutakuwa kulipa jina. Maoni yangu ni kwamba kila gari linaloingia liandikwe matumizi yake ya mafuta kwa kilomita 100, mjini na katika barabara kuu, na ushuru ufuate tarakimu hizo, liwe na betri au lisiwe nayo. Prius ndogo itapata nafuu yake kwa haki. Harrier ya haibridi itapata nafuu kiasi, itakavyostahili mtu anayehitaji kweli gari la ukubwa ule. Gari la silinda 8 litalipa kama magari ya silinda 8 yanavyostahili kulipa. Na kwa magari ya ofisi za umma, orodha hiyohiyo ya lita na kilomita ibandikwe mahali ambapo mwananchi anaweza kuisoma.

Walio na umri wa kutosha wanakumbuka mwanzo wa miaka ya 1980, baada ya bei ya mafuta kupanda mara ya pili na vita vya Kagera kumaliza akiba yetu ya fedha za kigeni, magari ya watu binafsi yalipokatazwa kutembea Jumapili alasiri. Ilikuwa hatua ya shida. Lakini angalau haikumuuliza mtu gari lake ni la kifahari au la kimaskini. Na ikiwa tunatafuta usafiri ambao kweli hurudisha nishati ya breki, tunao: treni ya umeme iliyoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Mtumishi anayetoka Dar es Salaam kwa gari lake la mseto kwenda kikaoni Dodoma ameiacha treni hiyo.

Kwa walimu wa fizikia, kazi hii haihitaji maabara. Siku ya mnada au gulio, kundi la wanafunzi likae kando ya barabara kwa saa mbili, mbali na lami kwa usalama, na liandike kila gari lipitalo: aina yake, na idadi ya watu waliomo. Kundi la pili lizungumze na madereva wa mabasi na malori katika kituo cha Kondoa, liwaulize wanajaza lita ngapi na wanakwenda kilomita ngapi kabla ya kujaza tena. Madereva wanazijua tarakimu hizo kwa kichwa kuliko kitabu chochote. Kisha darasa zima ligawanye lita kwa kilomita, na jibu kwa abiria, na lichore jedwali. Kwa lori, badala ya abiria tumieni magunia ya alizeti.